SIRI YA MGONJWA NI AMANA
Mafunzo kutoka Ndanda na uwanda wa Makonde

Wazee wetu wa pwani walisema: Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii hutajwa majumbani mwetu kila siku, na mara nyingi hutajwa mahali pasipostahili. Mtu akinyimwa habari za ugonjwa wa jirani yake, huitoa methali hii kana kwamba ni hati ya kudai deni. Lakini tukiitazama vizuri tutaona kuwa maneno yake anaambiwa mgonjwa. Yeye ndiye anayetakiwa amfunulie maradhi yake yule awezaye kumtibu. Mganga hakuambiwa afunue, wala karani wa hospitali hakuambiwa, wala sisi tunaokwenda kumzuru mgonjwa tukiwa na kikapu cha machungwa hatukuambiwa.

Na mgonjwa hawezi kumfunulia mganga ila awe na yakini kwamba aliyefunuliwa atafunika. Yakini hiyo ikiondoka, methali yote huharibika: mgonjwa huficha maradhi kwa kuogopa maneno ya watu, na kilio kweli kikaja. Kwa hiyo siri ya mgonjwa ni sehemu ya dawa yenyewe.

Ndugu msomaji, katika kurasa hizi twataka kuitazama historia ya amana hii: jinsi waganga wa kale walivyoijua, kisha jinsi ilivyojaribiwa katika sehemu moja ya nchi yetu, nayo ni Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, pamoja na majirani zake Masasi na Newala.

WAGANGA WA KALE

Wayunani walikuwa na kiapo cha waganga kinachonasibishwa na Hippocrates, ambaye Waarabu walimwita Bukrat. Ndani ya kiapo hicho mna ahadi ya kunyamazia mambo yanayoonekana au kusikiwa katika nyumba za wagonjwa. Elimu ya Wayunani ilipofasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika karne ya tisa, zama za Hunayn bin Ishaq na wanafunzi wake, kiapo hiki nacho kilifasiriwa. Waislamu hawakukiona kigeni, kwani kilikutana na mafundisho waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Surat Hujurat imekataza kupelelezana na kusengenyana. Surat Nur imekataza kuingia nyumba za watu bila ya kubisha hodi. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi tumefundishwa kwamba mtu akikwambia neno kisha akageuka kutazama kama yuko mwingine anayesikia, neno hilo limekwisha kuwa amana, hata kama hakukwambia ulifiche.

Fikiri, ndugu msomaji, ni nani anayegeuka kutazama mlango kuliko mgonjwa anapoeleza maradhi yake?

Abubakar Razi, tabibu mkubwa aliyefariki karibu na mwaka 925, alimwandikia mwanafunzi wake juu ya tabia za tabibu. Alimtaka awe mwenye kutunza siri, kwa sababu mgonjwa humwambia tabibu mambo ambayo baba yake na mama yake hawayajui. Na katika karne ya kumi na mbili, huko Sham, Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wasimamizi wa masoko, yaani mamuhtasib. Humo alieleza kuwa muhtasib anapaswa kuwaapisha matabibu kiapo cha Bukrat, wasitoe siri za wagonjwa wala wasitupe macho ovyo ndani ya nyumba za watu. Jambo hili linatupasa kulizingatia. Yule yule mtumishi wa dola aliyepima mizani ya wauza nafaka ndiye aliyesimamia ndimi za matabibu. Kupunja siri kuliwekwa daraja moja na kupunja pishi.

NDANDA

Msafiri anayetoka Mingoyo kwenda Masasi hupita Ndanda, kama kilometa 40 kabla ya kufika mjini Masasi. Upande mmoja umeinuka ukuta wa uwanda wa Makonde. Juu ya uwanda huo maji yalikuwa ya taabu miaka mingi, na wanawake walizoea kuteremka mabondeni na vyombo vyao kuyatafuta. Chini, Ndanda, chemchemi zatiririka. Wamisheni Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha kituo chao hapo mwaka 1906, baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuteketezwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji. Wamisheni wa Kiingereza, yaani UMCA, wao walikuwa Masasi, na baadaye wakafungua matibabu Lulindi na Newala.

Ndanda palikua hospitali kubwa. Kwa miaka mingi daktari wake alikuwa mtawa wa kike, Sista Thekla Stinnesbeck, ambaye jina lake lilijulikana kusini nzima. Watu wa Lindi, Mikindani na Mtwara, Waislamu kwa Wakristo, waliifuata njia hiyo ya bara wakiwa na wagonjwa wao. Kwa mama wa Kiislamu, kuwako daktari mwanamke kulikuwa sitara kubwa. Na hata umbali wenyewe ulikuwa pazia: mtu mwenye maradhi asiyotaka yajulikane mtaani kwake alikuwa mgeni huko Ndanda.

Lakini tusidhani kuwa watu wa huko walingoja wageni wawafundishe maana ya siri. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera walikuwa na jando na unyago. Kijana aliyetoka jandoni alijua kwamba yako maneno yasiyosemwa mbele ya asiyepitia huko, na mwari alijua hivyo hivyo. Ngariba aliona miili ya watoto wa watu na hakuisimulia. Mkunga alizalisha na akanyamaza. Na sisi wa pwani tunao makungwi, ambao siri za maharusi huzikwa nao. Basi elimu ya kunyamaza ilikuwako. Kilichokuwa kipya ni hospitali: nyumba kubwa, watu wengi, madaftari, na lugha nyingi chini ya dari moja.

Tuanze na hizo lugha. Daktari aliyetoka Ulaya hakuweza kumsikia bibi kizee wa Kimakua au wa Kimakonde ila kwa mkalimani. Mkalimani huyo alikuwa dresa au mfagiaji, na pengine alikuwa mtu wa kijiji kimoja na mgonjwa. Daktari aliapa kiapo. Je, mkalimani aliapishwa? Siri iliyokuwa ipite kati ya watu wawili sasa ilipita kinywani mwa wa tatu. Mganga wa kienyeji hakuwa na shida hii, kwani yeye na mgonjwa wake walisema lugha moja kivulini. Hapa ndipo twaona kwamba hospitali, pamoja na heri zake zote, ilileta mashimo mapya ya kuvujishia siri, na mashimo hayo yalihitaji kuzibwa kwa makusudi.

SINDANO NA KAMBI

Yako maradhi mawili katika historia ya kusini yanayotufundisha jambo moja kwa njia mbili.

La kwanza ni buba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sindano ya buba ilisifika mno Tanganyika, na huko Masasi watu walimiminika kuitaka, kwani vidonda vya miaka vilikauka kwa siku chache. Dawa iliyotibu buba ndiyo iliyotibu na kaswende, kwa kuwa vijidudu vya maradhi hayo mawili ni ndugu. Kwa hiyo mstari ulikuwa mmoja na sindano ilikuwa moja. Aliyesimama hapo kwa ajili ya ugonjwa wa aibu hakutengwa na aliyesimama kwa ajili ya ugonjwa alioupata utotoni kwa kucheza na wenziwe. Hakuna aliyepanga hivyo kwa kulinda siri, lakini siri ililindika.

La pili ni ukoma. Tangu zama za Wajerumani serikali iliona vyema kuwaweka wakoma katika vijiji vyao peke yao, na wamisheni wa kusini, Ndanda wakiwemo, walikuwa na makambi ya kuwatunza. Wengi walitunzwa kwa huruma ya kweli, wakaoshwa vidonda ambavyo ndugu zao walivikimbia. Walakini kupelekwa kambini kulikuwa ni kutangazwa. Hapakuhitajika mtu wa kusema. Barabara ya kwenda kambini ilisema. Mtu alirudi nyumbani amepona, na bado akaitwa kwa jina la kambi. Watoto wake waliposwa kwa shida kwa sababu ya mahali baba yao alipolala miaka kumi iliyopita. Basi wengi waliokuwa na baka la kwanza mwilini walilifunika kwa nguo wakangoja, na kungoja huko ndiko kulikowakata vidole.

Kisha dawa zilibadilika. Vidonge vya dapsone vilienea baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Dakta Leader Stirling, mpasuaji wa Kiingereza aliyekuja kusini mwaka 1935 akafanya kazi Lulindi na baadaye Mnero, naye alizijua taabu za watu hawa kwa macho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani likashauri mchanganyiko wa dawa kadhaa unaoponyesha ukoma kabisa, na mgonjwa akaweza kutibiwa huku analala kwake. Hapo siri yake ilirudi mikononi mwake.

Funzo la maradhi haya mawili ni hili: siri haivuji kwa ulimi tu. Mlango huvujisha, na foleni huvujisha, na rangi ya kadi, na kibao kilichopigwa misumari juu ya chumba. Hospitali yaweza kuwa na wauguzi wacha Mungu wasiosema neno, na bado ikamfedhehesha mgonjwa kwa namna ilivyojengwa.

UGONJWA MPYA, MTIHANI ULE ULE

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Baada ya miaka michache ugonjwa ulifika kila mkoa. Tarehe 31 Disemba 1999 Rais Benjamin Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa. Mkapa alikuwa mwana wa Lupaso, wilaya ya Masasi, na Ndanda ni mojawapo ya mahali alipopata elimu yake. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, na zikafunguliwa kliniki ambazo watu wamezoea kuziita CTC.

Dawa zilikuja, na mtihani wa kambi ya wakoma ukarudi. Katika hospitali nyingi kliniki hizo zilikuwa na jengo lao, siku zao, kadi zao na faili zao. Aliyeonekana kwenye benchi lile alikwisha kusomwa. Mitaani pakazuka misemo, kwamba fulani amekanyaga miwaya, na mwenye kusema hakuwa ameona karatasi yoyote ila ameona mlango. Matokeo yake yanajulikana na kila muuguzi: mtu wa Masasi hupanda gari kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, na mtu wa wilaya hiyo huja Masasi. Nauli ikikosekana, dozi hukatika. Dozi ikikatika, vijidudu huzoea dawa. Hapa hatusemi tena habari ya adabu peke yake. Fedheha imegeuka kuwa mauti.

Kuna na madaftari. Tangu miaka ya 1990 zahanati na hospitali zetu hujaza vitabu vya MTUHA, navyo ni vya lazima, kwani bila hesabu serikali haijui dawa ziende wapi. Lakini daftari lililoachwa wazi mezani, na majina yametazama juu, husomwa na kila anayeinama kutia sahihi. Muuguzi anayeita kwa sauti jina la mtu pamoja na ugonjwa wake dirishani hajui kwamba amepiga mbiu. Na siku hizi kuna kompyuta na simu za mkononi: picha moja ya mgonjwa kitandani, iliyopigwa kwa huruma au kwa mzaha, hufika Muscat na London kabla mgonjwa hajashushwa dripu. Waliozoea kulinda kabati kwa ufunguo hawana budi kujifunza kulinda na neno la siri la kompyuta, wasiliandike ukutani wala wasiazimane.

SHERIA ZILIZOWEKWA

Dunia nayo haikulala. Mwaka 1948 madaktari walikubaliana Azimio la Geneva, ambamo daktari huahidi kuheshimu siri alizokabidhiwa, na baadaye ikaongezwa kuwa hata baada ya mgonjwa kufa. Tanzania iliingiza haki za binadamu katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na ya familia yake. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 ikawalazimisha watumishi wa afya kutunza siri ya waliopimwa, na ikafanya kuitoa kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, ikazihesabu habari za afya katika taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi zaidi.

Kwa majirani zetu wa Kenya palitokea kesi inayofaa kukumbukwa. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi. Nia iliyotajwa ilikuwa kupanga huduma. Wenye kutetea haki walikwenda mahakamani, na Disemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa agizo lile lilivunja Katiba. Hapa mna zingatio: nia njema haimpi mtu ruhusa ya kuandika jina la mtoto wa mwenziwe karibu na jina la maradhi.

SIRI HUFUNGULIWA LINI?

Labda msomaji atauliza: je, hakuna dharura? Iko. Imamu Nawawi ameeleza katika Riyadhus Salihin sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda, na mojawapo ni kumhadharisha mwingine asipatwe na madhara. Chuo cha Fiqhi cha Nchi za Kiislamu, kilipokutana Brunei mwezi Juni 1993, kilitoa uamuzi mahsusi juu ya siri katika kazi za utabibu: asili yake ni kuzitunza, na kuzitoa ni haramu, ila pale ambapo kuzificha kunaleta madhara makubwa zaidi kuliko kuzitoa. Kipindupindu lazima kiarifiwe serikalini. Mahakama ikiamuru, daktari husema. Na sheria yetu ya mwaka 2008 inamtaka aliyejua kuwa ana virusi amwambie mwenzi wake.

Lakini tuangalie mipaka. Anayeambiwa ni yule mwenye haja, kwa kadiri ya haja yake. Tuchukue mfano wa posa, jambo linalotugusa sote. Siku hizi familia nyingi hutaka maharusi wapimwe kabla ya kuozwa, na katika hilo mna hekima. Matokeo lakini ni ya hao wawili. Kila mmoja amweleze mwenziwe kweli, mbele ya mshauri wa hospitali wakipenda, kisha waendelee au waachane kwa heshima. Wazee hawana haja ya kuiona karatasi. Wala mwozeshaji hana haja nayo. Posa ikivunjika, inatosha kusemwa kuwa haikuandikwa. Anayeuliza zaidi ya hapo ametoka kwenye kutahadhari na ameingia kwenye kupeleleza, na kupeleleza kumekatazwa.

WAJIBU WA NYUMBANI

Twapenda kuwalaumu wauguzi, na wako wanaostahili lawama. Walakini nani huwauliza? Muuguzi ni binti yetu. Akirudi kazini jioni, shangazi humkalisha barazani: Yule mke wa fulani kalazwa kwa nini? Akijibu, tunamsifu kuwa hana maringo. Akinyamaza, tunasema kazi imempa kiburi. Basi sisi ndio tunaompa rushwa ya sifa ili apunje amana. Mama anayetaka mwanawe awe muuguzi mwema na aanze yeye kutomuuliza.

Na kuzuru wagonjwa ni sunna kubwa, lakini ina adabu zake. Mpe mgonjwa pole, muombee shifaa, usikae sana, na usimuulize jina la ugonjwa wake. Akitaka atakwambia mwenyewe. Usisome karatasi iliyoninginia kitandani, wala usiikague mifuko ya dawa. Ukitoka ukaulizwa, sema: anaendelea, mwombeeni. Jibu hilo halina uongo, na linatosha.

Tena tunao mfano katika kila mtaa wa pwani. Mwosha maiti huingia chumbani, huona vidonda, makovu, na alama ambazo marehemu alizificha hata kwa watoto wake. Akitoka hunawa mikono, na hakuna anayethubutu kumuuliza ameona nini. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni: anayemsitiri maiti, Mwenyezi Mungu humsitiri. Sasa ikiwa aliyekufa, ambaye maneno ya watu hayawezi tena kumvunjia ndoa wala kumfukuzisha kazi, tunamlinda namna hii, aliye hai anastahili zaidi. Yeye kesho atasimama foleni sokoni kununua samaki, na watoto wake watakwenda chuoni na watoto wetu.

Kwa hiyo wenye kusimamia hospitali na zahanati, za serikali na za dini, wazitazame nyumba zao kwa jicho la mgonjwa: mlango uko wapi, nani anasikia, daftari limefunikwa? Mkalimani, karani, mfagiaji na mlinzi waapishwe kama daktari, kwa sababu wanaona anayoyaona daktari. Na kule inakowezekana, mwenye ugonjwa unaoogopwa akae benchi moja na wenye homa na wenye mafua, kama walivyosimama wa buba na wa kaswende katika mstari mmoja zamani. Nasi majumbani tufunge midomo yetu. Hapo ndipo tutakapokuwa na haki ya kumwambia mgonjwa kwamba mficha maradhi kilio humfichua, naye atatuamini, aende akatibiwe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.